Macho Juu Mpaka Itue

Mambo yaliharibika tarehe kumi na tano mwezi wa nane, siku kuu ya Kupalizwa kwa Maria, kwenye kiwanja cha Cimpunda, mutaa wa kilimani hapa Bukavu, sahani za fufu na samaki wadogo wa sambaza zikianza kupita. Familia ya Priscille ilikuwa imeshona kikwembe kimoja, cha bluu chenye ndege weupe, kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya mutoto wa dada yake. Cédric, mupenzi wake, alitaka kuwapiga picha kutoka juu bila wao kujua, wacheke wakiiona. Alisimama mbali, nyuma ya miti, akarusha droni yake na hakuipitisha juu ya kichwa cha mutu hata mumoja. Kila kitu alifanya vizuri, ila hakumwambia mutu.

Maman Eulalie, mama ya Priscille, alifika Bukavu akikimbia vita ya Bunyakiri. Aliposikia ule mulio alitupa sahani, akaingia chini ya meza, mukono ukateguka. Watu wakatawanyika, masufuria yakamwagika. Priscille aliita, "Cédric, Mama ameanguka." Cédric alisikia. Hakugeuka. Alibaki macho juu, vidole kwenye telecomande.

"Mama yangu iko chini, na weye unaangalia kamudude kako," Priscille alimwambia kisha. Akamufungia simu.

Wakubwa wetu wanajua kuomba mwenye droni karatasi yenye muhuri. Lakini kufika Cimpunda kueleza watu ni kitu gani kinalia juu yao, ao kuuliza ni mulio gani unawatetemesha, hakuna mwenye alifika. Lawama yote ikabaki kwa kijana.

Na walikuwa wanapendana. Walionana mara ya kwanza soko ya Nyawera, mvua inataka kuanguka, watu wanasukumana. Priscille alikuwa anauza vikwembe, kitambaa cha njano kichwani, heleni ndefu. Mufuko wa Cédric ulikwama kwenye kamba yake ya kutundikia, vikwembe vyote chini. Cédric akafungua mufuko kwanza aone kama droni imepona, na Priscille akaona yale mabawa manne.

"Papa, baridi yote hii, na weye unatembeza ventilateur?"

"Iko inaruka, maman."

"Basi iruke iniokotee vikwembe."

Cédric aliviokota mwenyewe, akavikunja vibaya, akarudi kesho yake kununua kile chenye kilishika matope. Kutoka hapo ilikuwa simu kila asubuhi: chérie umeamuka, chouchou umekula, na Priscille anamuchokoza kama ventilateur nayo imelala muzuri.

Sasa ile simu ilinyamaza. Mwenye amezika bibi yake wa ndoa anajua namna nyumba inanyamaza. Mimi najua, na kijana yule sikumutakia.

Lakini Cédric hakukaa kulia. Kila siku ya Yenga, kisha misa, alipanda Cimpunda na droni mukononi, imezimwa. Alipita mulango kwa mulango, wazee wanaishika, wamama wanacheka namna iko nyepesi. Aliwaeleza inafanya nini, akauliza kama wanakubali ilie. Kwenye walikataa, alisema aksanti, akapita. Kwenye walikubali, alizungusha kamba kwenye kiwanja, rafiki yake Gracien akabaki kuchunga watu. Aliwasha droni kwanza ikiwa chini, masikio yaizoee, kisha akapiga filimbi, ndipo ikapanda. Hiyo kazi hakuna chef aliyemutuma. Namuheshimu.

Yenga moja Priscille alikuja, robe nyekundu, uso umefungwa. Alitaka kumwambia aache kusumbua watu wa Cimpunda. Alisimama nyuma ya kamba, droni ikiwa juu, akaanza kusema. Wakati ule mbuzi ya jirani ikakata kamba ya shingo yake, ikakimbilia kiwanjani, wasichana wawili wakaingia kiwanjani kuifukuza.

Cédric hakugeuka.

"Cédric, miye niko naongea."

Aliinua kidole tu. Aliisogeza droni pembeni, kwenye hakuna mutu, akaishusha polepole mpaka mabawa yakasimama kabisa. Ndipo akageuka, jasho linamutoka.

"Sasa nakusikia, chérie."

Hasira yote yenye Priscille alipanda nayo kilima ilikuwa inatafuta fasi ya kukaa.

"Ile siku ya Mama," akasema polepole, "ulikuwa unatafuta fasi ya kuishusha?"

"Watu walikuwa wanakimbia chini yake. Kama ningekugeukia, ingeangukia mutoto wa mutu."

"Na juu ya nini haukuniambia?"

"Ulinifungia. Na kosa ilikuwa yangu. Ningewaambia mbele ya kurusha."

Priscille alichukua ncha ya kitambaa chake, akamupanguza jasho. Alimuita kichwa nguvu, lakini kwa ile sauti ya simu za asubuhi.

Walienda pamoja kwa Maman Eulalie. Cédric alipiga magoti, akaomba musamaha, akaweka droni mapajani pa Mama. Kisha akasema anataka kutuma wajomba zake waje kuomba Priscille.

Mama aliigeuza droni na ule mukono wenye ulipona, akagusa kila bawa. Akasema wende nje, anataka kuisikia.

Ikalia. Mama akashika kiti kwa nguvu, Priscille akamushika mabega. Ikapanda mpaka juu ya mabati, ikabaki pale. Mama hakukimbia. Alipoinua mukono, Cédric aliishusha palepale.

"Nitakupatia mutoto wangu," akasema, "juu weye ulikuja kuuliza, na nikisema ishuke, inashuka." Akatazama juu, kwenye mawingu ya upande wa Bunyakiri. "Lakini zile zingine, zenye tulisikiaka kule kwetu, mwenye kuzirusha iko wapi, tumwambie azishushe?"