Gari Lililofukuzwa Bandani

Gari la umeme lilifika nyumbani bila sauti. Mama alikuwa amekaa mlangoni, akipinda sketi ya mteja. Alipoinua macho, gari lilikuwa limesimama mbele yake na Baba yumo ndani anacheka.

"Umenitoa roho!" Mama alisema. "Si ungepiga honi?"

"Nimepita mbele ya macho yako, mke wangu. Hukunisikia tu."

Baba alikuwa msambazaji wa mikate. Kila alfajiri aliichukua kiwandani na kuipeleka madukani. Gari lake la zamani lilitumia petroli. Liliunguruma sana, na bomba lake la moshi lilikuwa limetoboka. La umeme lilikuwa dogo na tulivu. Fundi alikuja kulifungia soketi yake bandani.

Banda la gari lilijengwa likiwa limeegemea nyumba. Mlango mdogo wa bandani ulifungukia chumba cha Bibi, mama yake Baba. Bibi alilala humo na mjukuu wake, msichana wa darasa la kwanza. Mtoto huyo aliongea tangu alipoamka mpaka alipolala. Wote walimwita Chiriku.

Jioni ya kwanza, gari likiwa kwenye chaji, Bibi alisikia kitu bandani. Tk! Kisha sauti ndefu, kama mtu anayevuta pumzi. Alifungua mlango mdogo. Hakukuwa na mtu. Taa ndogo ya kijani iliwaka kwenye gari, ikafifia, ikawaka tena.

"Njoo usikie," alimwita mwanawe. "Gari lako linahema."

"Mama, ni gari tu."

"Gari gani linahema limezimwa? Lile la zamani ukilizima, limezimika. Hili ukilizima ndipo linaanza!"

Baba alisikiliza. Ni kweli, lilihema. Aliyemuuzia hakumweleza habari hiyo.

Siku chache baadaye, Chiriku alikuwa amechuchumaa uani akichora nyumba kwa chaki. Baba alirudisha gari nyuma. Mtoto hakusikia chochote. Mama alipiga yowe, na Baba akafunga breki. Gurudumu lilisimama juu ya nyumba ya chaki.

Baada ya hapo hakuna aliyelitaka. Baba alilisogeza mpaka pembe ya mbali ya ua, akalifunika turubai na kulifunga kamba. La petroli, ambalo siku zote lililala nje uani, likaingizwa bandani.

"Hili tunalijua," Bibi alisema, akilipigapiga boneti. "Likiamka linapiga kelele. Halina siri."

Basi kila alfajiri Baba aliliwasha gari la zamani mle bandani. Injini ilikuwa nzito na ilitaka kupashwa joto. Aliufunga mlango mkubwa ili kelele zisiwaamshe majirani. Aliliacha likiunguruma, akaenda kuoga na kunywa chai. Kisha aliondoka.

Ndipo mambo yakaanza chumbani kwa Bibi.

Bibi aliamka na kichwa kizito. Alisema kuna mtu anamwita kutoka nyuma ya mlango mdogo. Sauti ilikuwa ya dada yake, naye dada yake alikwisha kufariki. Chiriku alitapika chai. Shuleni alikuwa mzima na alicheza na wenzake. Kesho yake alfajiri aliumwa tena. Mama naye, akiwa kwenye cherehani, aliona mistari miwili ya chaki kwenye kitambaa. Alikuwa amechora mmoja.

"Nikitoka nje napata nafuu," Bibi alisema. "Nikilala humu, linanishika."

"Nini kinakushika, Mama?" Baba aliuliza.

Bibi alielekeza kidole kwenye pembe ya ua. "Tumelifukuza. Limekasirika."

Wote walitazama. Upepo uliinua turubai polepole, ukalishusha, ukaliinua tena.

"Liuze," Mama alimwambia mumewe. "Usipoliuza, mimi na mtoto tunahama."

Baba alitafuta mnunuzi, akampata. Walikubaliana aje kulichukua. Lakini asubuhi ya siku hiyo, kabla mnunuzi hajafika, Mama aliingia kumwamsha Chiriku.

"Chiriku, amka."

Macho ya mtoto yalikuwa wazi. Hakujibu. Yeye, ambaye hakunyamaza hata akila, hakujibu.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, akiutazama mlango mdogo.

"Usifungue," alinong'ona. "Amesimama hapo."

Nyuma ya mlango, gari la zamani liliunguruma.

Mama alimbeba mtoto. Miguu yake mwenyewe Mama ilikuwa laini kama si yake. Alijikokota mpaka nje, akapiga kelele.

Jirani wa mbele alikuwa anaingia kwake kutoka kazini. Alikuwa askari wa zimamoto, na mtaa mzima ulimwita Afande. Alikuja mbio.

"Nani mwingine yumo ndani?"

"Bibi. Na Baba Chiriku, anaoga."

"Hiyo injini inawaka wapi?"

"Bandani. Analipasha joto gari."

"Mlango wa banda?"

"Umefungwa."

Afande hakuuliza zaidi. Aliufungua mlango mkubwa mpaka mwisho ili hewa iingie, akarudi nyuma haraka. Baba akatokea uani na taulo kiunoni.

"Kuna nini?"

"Usiingie bandani. Twende tukamtoe Bibi kwa mlango wa mbele. Sasa hivi!"

Walimtoa Bibi wakiwa wamemshika mikono. Afande alivuta pumzi, akaibana, akaingia, akazima injini na kutoka. Kisha aliita gari la wagonjwa. Hospitalini wote walivalishwa barakoa za oksijeni. Bibi alitaka kuivua, akaambiwa atulie. Mchana Chiriku aliuliza kwa nini barakoa ina kamba za kijani. Mama alilia.

Waliporudi nyumbani, Afande aliwaketisha uani.

"Injini ya petroli hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi," alisema. "Haionekani, wala haina harufu."

"Lakini moshi wa gari unanuka," Baba alisema.

"Moshi unanuka, nanyi mmeuzoea. Gesi hiyo imo ndani ya moshi. Ukiivuta, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, unatapika, miguu inalegea. Wengine husikia sauti na kuona vitu visivyokuwepo. Ukizidi kuivuta, unalala na huamki."

"Dada yangu..." Bibi alianza.

"Hakuwepo, Bibi. Gesi ilipenya chini ya mlango mdogo ikawafikia ninyi kwanza. Mkitoka nje, mnapata nafuu. Hiyo ndiyo dalili. Watu wa nyumba moja wakiumwa pamoja na kupona wakitoka, tokeni, ombeni msaada, msirudi ndani."

Baba aliinamisha kichwa. "Nilifunga mlango kwa ajili ya majirani."

"Majirani tungekuja matangani. Bora ungetuamsha."

"Na lile linalofanya tk, kisha linahema?" Mama aliuliza.

"Ni feni. Inapoza betri wakati wa chaji. Hiyo tk ni swichi. Gari la umeme halichomi mafuta, kwa hiyo halitoi gesi hiyo."

"Kwa hiyo hilo ndilo salama," Baba alisema.

"Sikusema hivyo. Yote mawili huweza kuwaka moto. Mengi niliyozima ni ya petroli, lakini ndiyo mengi barabarani, kwa hiyo hiyo si hesabu ya haki. Petroli ikivuja, huwaka upesi. Betri ikiumia kwa ajali, moto wake ni mgumu kuzima na unaweza kurudi baadaye. Likigongwa, kaeni mbali, mtuite. Tumieni soketi ile ya fundi, msipitishe waya mrefu dirishani. Na kwa kuwa halisikiki, mtu asirudishe gari nyuma kabla ya kujua mtoto yuko wapi."

"Umeme ukikatika je? Mikate haingoji."

"Ndiyo shida yake. Chaji huchukua saa nyingi, na petroli hujazwa kwa dakika chache. La umeme lichaji jioni kwa mizunguko ya mjini. La petroli likae kwa safari ndefu na siku za giza. Liwashie uani, mbali na madirisha, na liondoke mara moja. Bomba la moshi lizibwe pale lilipotoboka. Dumu la petroli lisikae nyumbani."

Mnunuzi alipofika, Bibi ndiye aliyemjibu langoni. "Haliuzwi. Tulilisingizia."

Magari yalibadilishana nafasi. Fundi aliziba tundu la bomba la moshi. Afande aliwaletea king'ora kidogo kinachotambua gesi hiyo, Baba akakifunga ukutani chumbani kwa Bibi. Vichwa havikuuma tena. Bibi akawa tishio la mtaa. Akisikia injini nyuma ya mlango uliofungwa, alibisha kwa fimbo yake mpaka itolewe nje.

Jioni moja gari lilianza kuhema bandani. Chiriku alikuwa akisimulia habari za shule, za mwalimu, za paka wa mwalimu. Akakatiza.

"Bibi, yule uliyesema amesimama mlangoni. Mimi pia alikuwa akiniita."

Bibi aliacha kufumua nywele zake mwenyewe. "Alikuita vipi?"

"Kwa jina langu. Alisema nilale tu."

Bibi alimvuta mtoto karibu, akautazama mlango mdogo. King'ora kilikuwa kimya ukutani.

"Endelea," alisema. "Huyo paka akafanya nini?"