Nilivyochezwa Jukwaani Nikiwa Nimekaa Mstari wa Mbele

Nina miaka arobaini na saba, nafundisha uigizaji hapa Mwanza, na ujinga wangu niutaje mapema msije mkaniona mwerevu. Mwanafunzi wangu hodari kuliko wote nilimpa chumba nyumbani kwangu, nikamwambia atazame watu wa nyumba hii vizuri, halafu apeleke jukwaani aliyoyaona. Akanisikiliza... Wangapi kati yenu mmewahi kusikilizwa namna ile?

Zamani nilikuwa mtu, jamani! Nilianza kwenye kikundi cha maigizo cha kiwanda kimoja. Siku moja, kwenye tukio la ugomvi, mwenzangu alikosea kipimo, mchi ukanipata mdomoni. Meno ya mbele yote chini! Watazamaji walipiga makofi wakidhani ndivyo mchezo ulivyopangwa. Nami nikainama kuwashukuru, damu inachuruzika...

Nikawekewa meno ya bandia. Kiwanda kikauzwa, kikundi kikafa, wenzangu wakatawanyika. Michezo ya televisheni iliposhika kasi nikaitwa Dar es Salaam kucheza mama mkwe mkorofi. Huko nikawa nalia kwa kukumbuka jiko langu, maana mimi ni mtu wa ndani, safari yangu ndefu ni bombani. Halafu kamera nayo inasogea karibu mno! Kila nikisema "sitaki", meno yanapiga filimbi. Wakaniambia kwa adabu nikapumzike. Nikarudi, nikafungua darasa uani kwangu, Kiseke.

Hapa mtaani siri ya meno aliijua mtu mmoja tu, mume wangu, Baba Milembe. Taa ikizimwa ndipo nayatoa, nayatia kwenye kikombe cha bati, nageukia ukutani. Kisha, kwa mdomo ule mtupu, namuuliza: "Baba Milembe, bado unanipenda?" Naye hujibu: "Lala, mke wangu."

Nikawa nalala!

Kabula alitokea Kisesa, binti wa miaka ishirini na kitu, mpole, shikamoo yake ya kupiga magoti. Kwenda na kurudi kila siku kulimshinda, ndipo nikampa chumba. Baba Milembe akaanza kuwahi kurudi nyumbani. Nikadhani ni utamu wa mboga zangu...

Zoezi langu kubwa ni hili: usiigize "mama", igiza mama mmoja unayemjua, hata anavyofunga mlango. Siku ya onyesho, mchana, ukumbi wa kanisa ulijaa wazazi na majirani. Kabula akapanda, akatembea... Ni mimi! Mguu wangu mzito, khanga ninavyoivuta. Nikacheka wa kwanza, nikamgusa Baba Milembe begani: "Umeona kazi yangu?"

Kabula akajifanya anazima taa. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa kitu, akakitumbukiza kikombeni. Akageuka upande wa ukuta. Kwa sauti ya kibogoyo akasema: "Baba Nanihii, bado unanipenda?"

Ukumbi ulipasuka kwa vicheko! Mimi nilisikia kicheko kimoja tu, pembeni yangu, cha mwanamume anayejipangusa machozi. Maneno yale yalikuwa ya chumbani kwetu. Nani aliyatoa? Na alipokuwa anayatoa, walikuwa wamelala wapi?

Nilimuuliza mume wangu. Hakukana. "Mama Milembe, si unafundisha mwenyewe? Ule ni mchezo tu."

Wiki haikuisha, wote wawili wakahamia Mirongo. Wanafunzi wangu nao wakamfuata Kabula, wakisema mimi nina kinyongo. Nasikia kipande kile wanakirudia mpaka leo, watazamaji wakikiomba...

Wasomaji wenzangu, hasa kina dada, nawasihi! Mume akianza kucheka na mgeni wenu utani usioujua ulipoanzia, uliza siku hiyo hiyo. Usingoje kuwekewa kiti mbele kama mimi. Na ukiuliza swali kama langu ukajibiwa "lala", jua umeshajibiwa.

Nilipomaliza kuandika haya, jirani yangu Mama Kulwa aliingia kuomba makaa ya moto. Nikamsomea yote, nikitegemea machozi. Alisikiliza mpaka mwisho, makaa yanapoa, kisha akasema:

"Pole, mwalimu, wamekutenda vibaya. Lakini tusidanganyane, yule binti alikuiga akapatia! Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje."