Mkanda wa Kiti cha Mbele

Kitu cha kwanza kilikuwa kidogo sana, hata kukisimulia mtu unaona haya. Kengele ya mkanda ililia. Basi, ndo hivyo tu. Ile ti-ti-ti ambayo kila mwenye gari la Kijapani anaijua, ya kukuambia kwamba mtu wa kiti cha mbele hajafunga mkanda. Mwalimu Rosalia alikuwa anashuka kilima cha Kimara Temboni asubuhi, anakwenda shuleni, peke yake. Akadhani ni mkoba, maana vigari hivi ukiweka mkoba mzito kitini, au kiroba cha unga, vinadhani ni mtu. Akauhamishia mkoba nyuma. Kengele ikaendelea kulia.

Kigari chenyewe tulikicheka mtaa mzima, tusijifanye malaika. Chekundu, kifupi, hakina mkia, vile tunavyoviita bebiwoka. "Mwalimu, ukimgonga kuku na hicho, nani atapelekwa hospitali?" Tukacheka. Naye alikuwa anacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kinaishia mdomoni.

Siku ya kukinunua, dalali aliimba wimbo wao wote. "Gari ya mwanamke hii, mama, haijachezewa! Rangi yake mwenyewe. AC ya kuganda. Mafuta hainywi, inanusa." Mumewe Gervas, karani wa bandarini, mtu wa Masasi asiye na haraka, aliingia chini na tochi ya simu, akagongagonga bodi kwa kidole kama anachagua tikiti maji. Rosalia aliuliza swali moja tu: "Mtoto akikaa mbele, anaona nje?" Dalali akasema anaona mpaka Chalinze. Gervas akatoka chini ya gari, akamtazama mkewe, akaanza kuhesabu pesa.

Hawakuwa na mtoto. Walikuwaga naye. Clara, miaka saba, wa pekee, mwenye adabu mpaka inakera. Yule mtoto alikuwa haondoki mahali bila kuaga. Ukimtuma dukani, anaaga. Akienda chooni, anaaga, "Mama, mie naenda." Kila wakipita magari alikuwa anauliza lini watanunua la kwao, na mama yake akamwahidi: tukipata gari, kiti cha mbele ni chako.

Homa ilimpanda jioni moja ya masika, mvua inamwagika, njia za ndani zimegeuka uji. Teksi za kwenye simu zilikubali, zikaona kilima chetu, zikakataa. Wakampakia kwenye bodaboda, baba mbele, mama nyuma, mtoto katikati amefunikwa kanga na mfuko wa nailoni. Njia nzima alikuwa anauliza, "Mama, tushafika?" Mama anajibu, "Bado mwanangu, karibu." Pale Ubungo foleni ikafunga kabisa, na palepale akaacha kuuliza. Siku ya maziko Rosalia alilia neno moja tu, na sie tuliokuwepo hatujalisahau: "Hata bebiwoka jamani! Hata bebiwoka!"

Kwa hiyo gari lilipatikana. Wa kupanda ndo hayupo.

Sasa turudi kwenye kengele. Ililia asubuhi ile mpaka barabara kuu, na Rosalia, kichwa kinamuuma, akafanya tunavyofanya wote Dar tukichoshwa na kelele hizo: akauvuta mkanda, akauchomeka juu ya kiti kitupu. Kengele ikanyamaza. Hakujua alichofanya, maskini. Mgeni alikuwa amebisha hodi, yeye akamkaribisha na kumfunga mkanda kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake alikuta mkanda umejaa, umetuna kidogo katikati, kama umepita juu ya kitumbo. Ikaja harufu: sare ya shule iliyolowa, na dawa ya kuchua kifua, ile tunayowapaka watoto wenye mafua. Alifungua vioo vyote, harufu haikutoka. Na kiti kile hakikupata joto hata gari lilalapo juani.

Halafu sauti. Magari haya ukiyawasha, kuna dada wa Kijapani humo ndani anasema maneno yake, hakuna anayemwelewa, sie tunamwitikia "asante dada" tunaondoka. Jioni moja nje ya shule, manyunyu yameanza, Rosalia akawasha, dada akasema yake akamaliza, na badala ya kimya pakabaki kama pumzi, pumzi ndogo yenye makamasi, ikivuta na kuachia, ikivuta na kuachia, vioo vikaanza kuingia ukungu kutoka upande ule wa kushoto tu, na yeye mikono imemgandia kwenye usukani, shingo inakataa kugeuka, ndipo sauti aliyoizika kwa mikono yake ikasema taratibu, karibu kabisa na bega lake, "Mama, tushafika?"

Wewe utasema angekimbia. Hujafiwa na mtoto, wewe. Rosalia alifunga vioo vizuri manyunyu yasiingie, akasema, "Bado mwanangu. Karibu."

Tangu hapo hakufika tena. Yaani alikuwa anafika kwa mwili, lakini akitoka kazini anapitiliza nyumbani, anakwenda Mbezi, anakwenda Kibamba, anageuza, anarudi, anapitiliza tena. Alijua akisema "tushafika," mtoto atashuka. Kigari kinanusa mafuta, kweli, basi kilinusa mpaka mshahara ukaisha. Akaacha kula. Akakonda, macho yakaingia ndani. Mkuu wa shule akamwonya mara ya kwanza, mara ya pili. Siku moja Gervas alimkuta pembeni ya barabara kule karibu na Kibaha, tangi tupu, amelegea juu ya usukani, midomo imekauka lakini inanong'ona, mkono wake mmoja umelala kwenye kile kiti.

"Mama Clara," akanong'ona. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Punguza sauti," mkewe akamjibu, hata hakufumbua macho. "Amelala."

Gervas akazunguka, akafungua mlango wa kushoto. Rosalia akashtuka akapiga ukelele, "Usimkalie!" Alikuwa amechelewa. Mume alishakaa, na baridi ikamwingia kupitia suruali mpaka kwenye mifupa, na mkanda, ambao alikuwa ameuvuta pembeni apate nafasi, ukaanza kujivuta wenyewe, pole pole, ukimkaza kifua kidogo kidogo kama mtu anayetafuta pa kukaa na kukuta pamekaliwa, na puani ikamjia ile harufu ya dawa ya kuchua, na masikioni, Mungu wangu, kicheko kidogo cha mtoto anayefinywa mahali, anayebanwa lakini hataki kulalamika, akaruka nje akaangukia magoti kwenye changarawe. Alilia pale. Alilia kwa kuogopa, na alilia pia kwa kuwa kicheko kile alikuwa anakijua.

Akalipeleka gari kwa Brightson, fundi umeme wa Ubungo. Brightson alikagua nyaya asubuhi nzima, akatoka jasho linamtoka. "Braza, ishu si umeme. Sensa ya kiti nzima kabisa. Inasema kuna mtu, kwa sababu kuna mtu." Akafuta mikono. "Mie hili sigusi tena. Nenda Temeke, kwa Shehe Mwinchande."

Gervas ni Mkatoliki, kiongozi wa jumuiya, mtu wa rozari. Lakini ndo hivyo, mfa maji haachi kutapatapa. Alimbembeleza mkewe njia nzima, akamwambia wanakwenda kumwombea mtoto. Walifika Temeke mchana, mawingu yamekaa juu ya mapaa.

Shehe Mwinchande alikuwa mzee mnene mwenye kikohozi. Walimpa shikamoo, akawaitikia, akazunguka gari mara moja akiwa na chetezo cha ubani, akasimama upande wa kushoto.

"Nani alifunga huu mkanda?"

"Mimi, Shehe," akasema Rosalia.

"Basi wewe ndiye utakayefungua. Aliyemkaribisha mgeni ndiye anayemtoa." Akamtazama kwa huruma. "Nisikilize, mwanangu. Wafu wamelala. Hili ni jini, limeona jeraha lako likapata mlango. Sauti limeiokota kwako wewe mwenyewe. Miaka yote nimewatoa, na hakuna hata mmoja aliyetoka bure. Atatukana. Atadai kitu: marashi, kuku, damu, lazima adai. Hapo ndipo utamjua kuwa ni jini. Usimpe kitu. Mwambie ashuke."

"Na asipodai?" Rosalia akauliza.

"Hajawahi kutokea."

"Shehe, mie siwezi." Rosalia akamgeukia mumewe. "Baba Clara, nirudishe nyumbani. Hasumbui mtu. Si amekaa tu?"

Gervas akamshika mikono yote miwili. "Rosalia, nilizika mmoja. Unataka nizike na wewe? Nitabaki na nani?" Na sauti yake ikavunjika, mtu mzima yule, mbele ya wapita njia.

Hilo ndilo lililomshinda. Rosalia akaingia kwenye kiti cha dereva. Gervas na Shehe wakasimama mlango wa kushoto, umefunguliwa wazi. Shehe akaanza kusoma, ubani ukajaa ndani, na mvua, ambayo ilikuwa inatishia tangu asubuhi, ikashuka kwa mkupuo. Mkanda ukatuna. Kengele ikaanza kulia ingawa mkanda umefungwa, ti-ti-ti-ti, haraka, haraka zaidi, gari zima likawa linatikisika kwenye springi zake, vioo vikawa vyeupe, kisomo kinapanda, kikohozi kinamkata Shehe anakimeza anaendelea, na Rosalia mkono wake uko kwenye kile kitufe chekundu lakini kidole hakibonyezi, hakibonyezi, mpaka Shehe akapaza sauti, "Mwambie!"

"Shuka," akasema Rosalia.

Kengele ikakatika. Wote watatu walisikia.

"Mama, mvua inanyesha."

Gervas akafunika uso. Shehe akatikisa kichwa kwa nguvu: usimhurumie. Rosalia machozi yanamchuruzika mpaka shingoni, akasema tena, "Shuka, mwanangu. Tushafika." Akabonyeza.

Wakasubiri matusi. Wakasubiri ukelele, wakasubiri kudaiwa kuku au damu. Mkanda ulijirudi taratibu mahali pake, bila fujo, kama unarudishwa na mkono wa mtoto aliyefundishwa kutoacha vitu ovyo. Sponji ya kiti ikainuka kidogo. Na pale mlangoni, katikati ya wanaume wawili, sauti ikasema kwa adabu:

"Haya. Mama, mie naenda."

Basi. Hakukuwa na kingine. Mvua tu.

Gervas ndiye aliyeuliza kwanza. "Ametoka, Shehe?"

"Ametoka."

"Mbona hakudai kitu? Ulisema lazima adai."

Mzee akarudi hatua moja. Alikuwa anautazama ubani wake unavyozimwa na maji. Gervas alipotoa bahasha ya sadaka, akaisukuma nyuma. "Nendeni nyumbani," akasema. "Mnisamehe. Nendeni."

Rosalia alikuwa ameelewa kabla yao. Alishatoka, hana viatu, kanga imemwanguka, anakimbia kwenye uchochoro wa watu wa Temeke anaita, "Clara! Clara mwanangu, rudi! Ingia ndani, utalowa!" Watu walijibanza vibarazani wakimtazama. Gervas alimkimbilia akamkumbatia mbele ya duka la mangi, wakasimama pale wote wawili wanalowa.

Rosalia anakula siku hizi. Anafundisha. Ukimsalimia anaitikia vizuri tu, na gari bado analo, Gervas alitaka kuliuza, mkewe akamwambia auze nyumba kwanza.

Lakini mvua ikianza, iwe jioni, iwe Jumapili watu wametoka kanisani, utamwona anatoka ndani anakwenda kwenye kile kigari. Anafungua mlango wa kushoto, anauacha wazi kabisa. Kiti kinalowa, kapeti inaoza, betri imekufa mara kadhaa kwa sababu ya ile taa ya ndani. Zamani tungemwambia, mwalimu, unaharibu gari. Sasa hatusemi kitu, na hakuna anayekicheka tena kile kigari.

Anaingia upande wa dereva, anawasha. Dada wa Kijapani anasema yake, anamaliza. Rosalia anainamisha kichwa, anaisubiri kengele.

Hailii.