Sarafu ya Babu Zebedayo

Kila Jumamosi mimi na Raheli tulisugua vyombo kwenye mfereji uliopita nyuma ya nyumba, kule mlimani juu ya Same. Raheli alikuwa binti wa marehemu baba mdogo, na alikuwa akikaa nasi tangu alipofiwa. Tulisugua kwa majivu na mchanga. Sufuria zangu ndizo zilizosifiwa kila mara.

"Dorkas, punguza," Raheli alinitania. "Utaitoboa sufuria, tupikie kwenye kofia ya babu."

Babu yetu, Mzee Zebedayo, alikuwa kipofu. Ujanani, wakati wa Wajerumani, alibeba mataruma reli ilipojengwa kutoka Tanga. Miaka mingi baadaye, nchi ikiwa chini ya Waingereza, msimamizi wake wa zamani alimletea sarafu ya dhahabu iliyotengenezwa kwa ukumbusho wa reli za mwanzo. Upande mmoja ilichorwa treni. Babu aliitazama kwa kidole gumba. "Hapa kichwa," alituambia, "hapa moshi, hapa mabehewa matatu."

Jumamosi moja alisema kwamba kesho yake mchungaji angekuja, naye angemwonyesha sarafu hiyo. Nilipoichukua kwa siri kutoka sandukuni mwake niliona uchafu mweusi umeganda kwenye magurudumu. Niliona aibu mchungaji aikute hivyo. Nikaipeleka mferejini, nikaisugua kwa mchanga mkavu, kisha juu ya jiwe, mpaka mikono ikauma. Nilipoisuuza iling'aa kweli. Lakini treni haikuwepo. Dhahabu ni laini, nami sikujua. Niliifunga katika kitambaa chake, nikairudisha sandukuni.

Jumapili baada ya ibada, mchungaji na majirani walikaa uani. Babu alifungua kitambaa. Kidole chake kilizunguka, kikasimama, kikazunguka tena.

"Hii siyo yangu," alisema.

Shangazi Eliwaza, aliyetulea, aliichukua, akaigeuza. "Kweli haina treni. Baba, umebadilishiwa."

"Nani anaingia chumbani kwako?" jirani yetu Filemoni aliuliza.

"Raheli ndiye anayefagia," shangazi alijibu polepole. "Na Alhamisi alishuka Same kuuza ndizi."

"Basi. Sokoni watu hununua chochote," Filemoni alisema.

Raheli aliwatazama mmoja mmoja, akamalizia kwangu. "Sijaigusa," alisema. Mimi nilitazama miguu yangu.

Jioni ile shangazi aliamua kwamba Jumatano lori la mahindi lingemshusha Raheli kwa mjomba wake, katika kijiji cha Maore. Sote tulijua kwamba mjomba huyo hakuona sababu ya msichana kusoma.

Jumatatu tuliporudi kutoka shule, Raheli alinipa penseli yake na daftari lenye kurasa nyingi tupu. "Chukua," alisema. "Kule sitavihitaji." Hakusema kwa hasira. Afadhali angenipiga.

Nilikwenda kwa babu. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona sauti imekauka?"

Nilimweleza yote.

"Ulitaka nini?" aliuliza.

"Ing'ae, babu."

"Ing'ae kwa nani? Mimi naona kwa kidole." Akahema. "Haya. Treni yangu imekwisha, na inaniuma. Lakini Raheli bado hajaondoka. Aliitwa mwizi mbele ya nani?"

"Mbele ya mchungaji na majirani."

"Kesho kuna msaragambo. Wote watakuwepo. Utasema hapo."

Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima, kila nyumba na jembe lake. Siku hiyo tulikuwa tukizoa tope kwenye ndiva, bwawa linalotunza maji ya mashamba yetu. Mchungaji naye alikuwa na jembe. Babu aliomba majembe yasimame. Nilisimama katika tope, nikasema kwamba Raheli hakuiba, kwamba ni mimi niliyeifuta treni kwa mchanga, kisha nikanyamaza alipoitwa mwizi.

"Kumbe dhahabu imesuguliwa kama sufuria ya makande," Filemoni alisema. Watu wakacheka. Uso uliniwaka. Kisha babu akamgeukia.

"Filemoni, na wewe una la kumwambia Raheli."

Kicheko kilikatika. Filemoni alivua kofia, akamwomba Raheli radhi. Shangazi aliweka jembe chini, akamshika Raheli mikono miwili. "Nisamehe, mwanangu. Huendi popote."

Babu aliniweka mkono begani. "Kuharibu sarafu lilikuwa kosa la kutojua," alisema. "Kunyamaza ulijua. Na siku zote mbili ulizonyamaza, mwenzako ndiye aliyeumia. Ukikosa, sema mapema. Na jina la mtu likichafuliwa mbele ya watu, halisafishwi chumbani. Linasafishwa mbele ya watu wale wale."

Raheli alichukua jembe lake, akaendelea kuzoa tope. Wiki nzima alinijibu neno moja moja, nami sikumlaumu. Nilimrudishia penseli na daftari, akavipokea bila kunitazama. Siku ya nane ndipo aliponiita twende mferejini.

Babu tulimzika miaka mingi baadaye. Siku hiyo Raheli, ambaye sasa alikuwa mwalimu, alisimama kando yangu kaburini, akanishika mkono.