Taa ya Langodden

Siku jua liliporudi Skarvhamn, baada ya kujificha chini ya upeo wa bahari tangu mwishoni mwa Novemba, gati lilifurika watu hata makreti ya samaki yakakosa pa kupita. Watoto walivaa taji za karatasi ya njano. Wazee walikunywa kahawa kwa vikombe vya bati, nyuso wamezielekeza kusini, kwenye mwanya kati ya milima miwili ambapo jua lingechungulia kwa nusu saa hivi na kuzama tena. Watalii wa meli ya pwani iitwayo Havdis, kila mmoja na koti jekundu aliloazimwa na meli, walijipanga kwenye ukingo wa sitaha wakipiga picha za watu wanaosubiri.

Mbele kabisa ya meli alisimama Gyda, baharia wa kamba, ndani ya ovaroli ya rangi ya machungwa na kofia ya sufu aliyofumiwa na mama yake. Aliizungusha kamba nyembamba yenye fundo zito mwishoni, akaitupa gatini kama alivyozoea. Siku hiyo fundo halikuangukia zege. Liliangukia boksi la maandazi.

Mwenye boksi alikuwa mwanamume mrefu, sweta lake la kijivu limetoboka kiwiko, ndevu zake zimeshika ukungu wa barafu. Aliyatazama maandazi ya jua, yale yanayoliwa siku hiyo tu, yakibingirika, jamu nyekundu ikichora juu ya theluji. Kisha, kwa kuwa mpokea kamba wa gati alikuwa bado amekodolea macho milimani, aliiokota kamba mwenyewe, akaivuta, akakivika kitanzi cha kamba nene iliyofuata kwenye nguzo ya gati kwa ustadi wa mtu aliyezaliwa karibu na maji.

"Wewe bibie!" akaita. "Hayo yalikuwa ya wazee wetu wa nyumba ya matunzo!"

"Nani alikwambia usimame palipoandikwa usisimame?"

"Palipoandikwa nisimame, jua halionekani."

Gyda alicheka. "Nitakuletea mengine, meli ikirudi kusini."

"Hiyo hupita watu wamelala."

"Kwani unalala mapema hivyo, mzee?"

"Mzee! Nina miaka thelathini na minane. Ndevu ndizo zenye themanini."

Jua lilitokea wakati huo huo. Gati zima lilipiga kelele ya shangwe, na kwa muda mfupi kila uso ukawa wa dhahabu. Gyda hakuliona vizuri, maana alikuwa akitazama kwingine.

Jina lake lilikuwa Eilert. Alianika chewa kwenye vichanja vya mbao pale Langodden, rasi iliyoko upande wa pili wa ghuba, na aliishi peke yake katika nyumba ya manjano aliyoachiwa na babu yake. Mapenzi yao yalikua kwa vipande vya robo saa, muda ambao meli hukaa gatini. Na katika wiki za mapumziko ya Gyda, yalikua jikoni kwa Eilert, kati ya birika la kahawa na mkate mwembamba wenye siagi na sukari. Eilert alimwita "rafiki yangu", kama watu wa kaskazini wanavyowaita wale wanaowapenda kupita kiasi, na alilitamka neno hilo kwa aibu, akitazama pembeni.

Kisha kulikuwa na taa. Katika pwani ile, nyumba yenye mtu wake baharini huzima na kuwasha taa ya dirishani meli inapopita, na nahodha mwungwana hujibu kwa honi. Mara ya kwanza Eilert alipofanya hivyo, simu ya Gyda ililia kabla rasi haijapotea.

"Umeiona?"

"Nani asiyeiona? Abiria mmoja kaniuliza kama umeme wa huko kwenu una hitilafu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hitilafu ni ya mwenye nyumba."

"Haina fundi, hiyo."

"Usiitafutie," Gyda akasema, na sauti yake ikapungua mzaha. "Iache hivyo hivyo, mpenzi."

Waligombana mwezi wa Novemba, siku za mwisho za mwanga. Gyda alikuwa amefaulu mtihani wa uafisa wa meli, na kampuni moja ya vivuko huko Bergen, mbali kusini, ilikuwa imemwahidi nafasi. Alimweleza Eilert kwa furaha, kama mtu anayefungua zawadi mezani. Eilert aliweka kikombe chini.

"Baki hapa," alisema. "Wapokea samaki wanatafuta mtu wa mizani."

"Mizani?"

"Ni kazi nzuri. Ya ndani. Ina joto."

"Unataka kuniangika kichanjani kama chewa wako, Eilert? Nikauke vizuri, nisioze?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema mizani."

Eilert akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. "Baba alitoka asubuhi moja kwenda kutega nyavu. Mama aliacha taa ikiwaka hadi balbu ikaungua, akaweka nyingine. Nilikua nikimtazama mgongo, Gyda. Sitaki kuishi maisha ya dirishani."

Laiti Gyda angenyamaza hapo, maneno yale yangemfikia. Lakini alikuwa ameumia, na aliyeumia husikia nusu. "Basi usinipigie," alisema, akifunga zipu ya koti. "Usinipigie mpaka nikupigie mimi."

"Sawa."

Hilo "sawa" ndilo lililomuuma zaidi. Eilert alikuwa mtu anayelichukua neno kama lilivyosemwa na kulishika.

Mlangoni alimuuliza jambo moja tu. "Na taa?"

"Taa ni yako. Fanya utakavyo."

Baada ya mapumziko yale, Gyda aliomba kuhamishwa. Hakuweza kuvumilia macho ya wenzake wa Havdis, waliomjua mno. Mnamo Desemba akapanda Ytterøy, meli nyingine ya njia ile ile, akapewa kamba za nyuma.

Walipopita Langodden kwa mara ya kwanza, ilikuwa adhuhuri, na adhuhuri ya msimu ule ni ukungu wa buluu kati ya usiku na usiku. Gyda alitoka sitahani bila glovu. Nyumba ya manjano ilisimama pale pale, vichanja vimeizunguka kama mifupa ya nyumba nyingine, na dirisha lilikuwa na giza. Alijisemea kwamba labda ametoka. Mara ya pili alijisemea kwamba labda amelala. Baada ya hapo hakujisemea kitu. Alitoka tu, akatazama, akarudi ndani. Alimwambia Eilert afanye atakavyo na taa yake, naye, kwa kadiri Gyda alivyoona, alikuwa amefanya.

Mwishoni mwa Januari, watu wa Bergen walitaka jibu. Gyda aliwaomba wasubiri siku chache. Akilini jibu lilikuwa tayari: angekwenda. Kule hakuna rasi ya kutazama.

Siku moja kabla ya kufika tena Skarvhamn, Ytterøy ilikutana na Havdis katika mlango mwembamba wa bahari. Meli zilisalimiana kwa honi, milima ikazirudisha sauti, na simu ya Gyda ikalia. Alikuwa Torfinn, serahangi wa Havdis, mkuu wa mabaharia wa kamba, mzee aliyemfundisha kutupa kamba.

"Toka nje unipungie mkono, binti. Nimevaa kofia ya kijani."

"Nakuona, mzee. Imekufanya ufanane na boya."

"Adabu hujajifunza bado. Sikia, mwambie bwana wako apumzishe swichi. Nahodha Borghild anasema honi yetu itakauka koo."

"Bwana yupi?"

"Una mabwana wangapi? Wa Langodden! Kila tukipita, washa, zima, washa, zima. Na nahodha, mama wa watu, anamjibu. Ndiyo adabu ya pwani."

Gyda alishika chuma cha ukingo. Kilikuwa na baridi ya kuchoma, asiihisi. "Kila mkipita?"

"Hajakosa hata siku moja."

"Mzee… anadhani mimi niko hapo kwenu."

"Kwani hajui umehama?"

"Nani angemwambia?"

Mpokea kamba wa Skarvhamn alijua, mwuza duka alijua, lakini watu wa kule hawampelekei mtu habari za moyo wake mwenyewe bila kuulizwa. Wangeona ni kuingia nyumbani kwake na viatu.

"Nilimkataza kunipigia," Gyda akasema.

"Hilo limeeleweka," mzee akajibu kwa upole. "Na wewe ulikatazwa na nani?"

Meli zilikuwa zimeshaachana. Gyda alibaki na simu mkononi, akifikiri jambo geni. Wakati wote alioamini kwamba Eilert amenyamaza, Eilert alikuwa akizungumza naye, na akijibiwa, kwa heshima zote, na mtu mwingine. Upande wa Gyda palikuwa na dirisha lenye giza, kwa sababu Eilert alizijua meli zote kwa umbo na kwa sauti, na alimtunzia taa yake kwa meli moja tu.

Alipiga. Ililia mara nyingi.

"Gyda," ikaja sauti, nzito, iliyojaa furaha iliyozuiwa. "Nilikusikia juzi. Honi ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Nikasema, leo hasira imepungua."

Angeweza kuukubali uongo ule mtamu. Hakuna ambaye angemuumbua.

"Haikuwa mimi, Eilert. Niko Ytterøy tangu Desemba."

Alisikia birika likichemka jikoni kule, na Eilert akiliepua.

"Ina maana nilikuwa naongea na nahodha Borghild."

"Ndiyo."

"Ameolewa?"

Gyda alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati kikawa kilio.

"Na wewe ulikuwa unapita hapa?" Eilert akauliza polepole. "Ukiona nini?"

"Giza."

"Ee Mungu. Gyda, sikiliza, kuhusu ile kazi ya—"

Majabali yakaikata simu. Alijaribu tena na tena. Palikuwa na sauti ya hewa tu. Usingizi haukumjia. Alijua sasa kwamba anapendwa, lakini hata Novemba alilijua hilo. Asilolijua ni kama bado ilikuwa lazima achague kati ya mtu huyu na bahari.

Asubuhi mtandao uliporudi, watu wa Bergen walipiga kabla hajampigia Eilert. Aliwajibu, kisha akaenda kuzungumza na nahodha wa Ytterøy, kisha akavaa ovaroli yake na kuomba, kwa siku hiyo tu, apewe kamba za mbele.

Ilikuwa tena siku ya jua kurudi, na gati la Skarvhamn lilikuwa limefurika. Taji za karatasi, vikombe vya bati, nyuso zote kusini. Na pale palipoandikwa usisimame alisimama Eilert, sweta lile lile, kiwiko kimeshonwa kwa uzi wa rangi isiyofanana, boksi la maandazi kifuani. Gyda alizungusha kamba. Eilert aliliinua boksi juu ya kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaidaka.

Ngazi iliposhushwa, Gyda alikuwa wa kwanza kushuka.

"Mbona hukuja gatini hata mara moja?" Hilo ndilo lililomtoka.

"Ulisema nisikupigie. Kuja gatini ni kupiga simu kwa miguu."

"Jamani, Eilert."

"Niache niseme, kwa sababu robo saa yenu ni fupi." Aliweka boksi chini. "Nilidhani mama aliumizwa na dirisha. Miezi hii nimekaa dirishani mwenyewe. Nawasha taa, meli inalia, nakunywa kahawa yangu, naenda kufanya kazi zangu nikiwa na raha. Nilikuwa nadanganyika, sawa, lakini raha ilikuwa ya kweli. Mama hakuumizwa na kungoja, Gyda. Aliumizwa na kutojibiwa. Mtu akijibiwa, dirishani panakalika." Alifuta ndevu kwa kiganja. "Kwa hiyo nenda Bergen. Kuwa afisa. Sikuombi mizani tena."

"Hakuna meli ya Bergen inayopita Langodden."

"Najua."

"Ndiyo maana nimewakatalia."

Alimtazama kwa woga. "Kwa ajili yangu? Gyda, usije ukanichukia baadaye."

"Sikukatalia bahari, nimekatalia Bergen. Nafasi ya afisa wa tatu katika meli za njia hii inafunguka kiangazi, na nahodha wangu ananiona nafaa. Nitakuwa nikipita mbele ya nyumba yako na mistari begani. Utavumilia?"

"Meli gani?"

"Yoyote watakayonipa."

"Basi nitaziwashia zote. Hakuna itakayopita gizani tena." Kisha akatazama pembeni, kama kawaida yake. "Rafiki yangu, unaonaje tuoane? Au ni lazima nikamwombe ruhusa nahodha Borghild?"

"Mwombe. Yeye ndiye uliyemchumbia msimu mzima."

"Na wewe?"

"Mimi nimekubali tangu maandazi ya kwanza," Gyda akasema, akamshika ndevu zenye barafu, akambusu mbele ya makoti mekundu yote ya Ytterøy.

Jua lilichungulia, gati likashangilia, na honi ya kuita mabaharia ikalia juu ya shangwe. Eilert aliruka juu ya kigari chake cha barafuni, kile chenye kiti mbele na reli mbili za chuma nyuma, akakisukuma kwa mguu mmoja, akateleza kando ya ghuba kuelekea rasi, skafu yake ikipepea, wazee wakimzomea kwa furaha wakimkumbusha maandazi yao.

Meli ilizunguka polepole na kuielekea Langodden. Nahodha alimwita Gyda juu kwenye chumba cha usukani, akasogea kando bila kusema neno. Nyumba ya manjano ilikaribia. Jua dogo la siku ya kwanza lilikuwa limelipata dirisha lile sawasawa, nalo liling'aa lote, jeupe, lisiloweza kutazamika. Kama ndani yake taa ndogo ilikuwa ikiwaka na kuzimika, hakuna jicho ambalo lingetambua.

Gyda hakuhitaji kuiona. Aliweka mkono kwenye honi, akaibonyeza, na hakuiachia hadi milima yote miwili ilipomaliza kujibu.