Mashine Isiyopoa

Wewe, umewahi kumaliza miezi minne bila mtu hata mmoja kukuita kwa jina lako?

Jasusi huyu alikuwa ameimaliza. Pasipoti saba alikuwa nazo, majina saba, na hakuna hata moja alilopewa na mama yake. Kazini walimwita Sindano. Alikula peke yake, akaosha sahani moja na kikombe kimoja, akavianika.

Asubuhi hiyo simu ililia.

"Sindano."

"Nakusikia, mkuu."

"Maktaba. Skana mbili za kunakili vitabu zinajaribiwa. Moja ni ya wezi. Kamati inachagua saa nne."

Simu ikakatika. Hata hujambo hakuna.

Saa tatu na robo alikuwa mlangoni, kitambulisho cha fundi mitambo kifuani, bastola ya Beretta kiunoni. Mkutubi, mama wa makamo mwenye vidole vilivyokaushwa na vumbi la karatasi, akamuuliza kama ana kadi ya maktaba. Sindano akajibu hana, hajawahi kuwa nayo.

Wakashuka chumba cha chini. Huko kulikuwa na madaftari ya mipaka, yaliyoandikwa kwa mkono, kila kisima na kila mto wa nchi. Watu wa ng'ambo walitaka nakala zake kabla ya kesi ya mpaka, wapate kughushi ya kwao.

Skana ya kwanza ilikuwa na kitanda kilichoinama pande mbili. Kitabu kililala nusu wazi kama kitoto mapajani, kamera mbili zikikipiga picha kutoka juu. Polepole. Ya pili iling'aa, ikameza kurasa elfu kwa saa. Aliyeileta, jamaa wa tai nyekundu, alikuwa anaitoa karibu bure. Kamati ilishaipenda.

Sindano akapitisha kalamu yake ya kunasa mawimbi juu ya zote mbili.

Kimya.

Akapitisha tena. Kimya.

Saa nne kasorobo.

Majaribio yakaisha, mkutubi akaanza kuzizima, kwa mazoea ya mtu anayeishi na karatasi na kuuogopa moto: huchomoa waya ukutani, huweka kiganja juu ya mashine, ikipoa ndipo aifunike kitambaa. Ya kwanza ikapoa. Kwenye ya pili alisimama kama anayepima homa ya mtoto.

"Hii haipoi," akasema. "Jana nayo haikupoa, na tulipiga picha magazeti ya zamani tu. Nilimwambia bwana wa tai, akanijibu nizeeke taratibu."

Haipoi, na waya uko sakafuni.

Sindano akairudisha kalamu. Ikawaka nyekundu. Mashine ilikuwa ikituma picha nje baada ya kuzimwa.

Bisibisi. Skrubu sita. Chini ya kioo, betri na antena nyembamba kama uzi.

Mlango ukafunguka. Tai nyekundu. Mkono wake ukazama kotini.

Beretta ilikuwa tayari inamtazama katikati ya nyusi.

"Utoe taratibu," Sindano akamwambia. "Kama mtu anayezeeka."

Mkutubi akacheka kwa pua.

Walinzi wakamchukua. Saa nne kamati ikachagua ile ya polepole.

"Imekwisha, mkuu."

"Vizuri. Kesho uwanja wa ndege. Jina jipya."

Simu ikakatika.

Sindano akavaa miwani ya jua, akavuka ukumbi wa kusomea bila kugeuka. Mkono ulikuwa umeshashika kitasa mkutubi aliposema kutoka mezani kwake:

"Mwanangu, tumekusumbua asubuhi nzima, na wewe mwenyewe hujasema unataka nini."

Sindano akasimama. Akarudi mpaka mezani, akavua miwani.

"Nataka kadi ya kuazima vitabu, mama. Kwa jina langu."