Maji ya Kumzidi Kitinda

Mhariri aliingia duka la vipuri vya kompyuta jioni, majirani wa duka wakianza kushusha milango. Kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi, na kompyuta yake ilikuwa hoi. Feni zilivuma mpaka anachojibu bibi harusi hakisikiki.

Hiyo ndiyo sababu aliyompa kila aliyeuliza. Sababu ya kweli ilikuwa mdogo wake, Kitinda, aliyejiundia kompyuta ya kupozwa kwa maji. Kitinda huyohuyo ambaye Mhariri ndiye aliyemfundisha kazi! Sasa wateja kwa Kitinda, sifa kwa Kitinda, na mama yao hakuacha mgeni aondoke kabla ya kumwonyesha maji yanavyozunguka kwenye mirija. Mhariri alitabasamu na wageni, na roho ikamuuma vibaya sana.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mpole, anayeijua kazi. Akampangia mezani pampu, tangi la kioo, mirija na rejeta ya kupozea maji.

"Hii rejeta ni ya shaba, sawa na kipande kitakachokaa juu ya prosesa. Usije ukachanganya shaba na alumini, mwanangu. Zitalana."

Mhariri alichagua kila kitu kikubwa kuliko cha Kitinda. Yakabaki maji.

"Ya kawaida haya hapa," alisema yule mama. Akatoa chupa chini ya meza. "Na yapo ya kumzidi mtu..."

Mhariri hakuwa amemtaja mtu yeyote.

Ndipo alipoviona vidole vya yule mama. Vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa, na duka zima lilikuwa kavu. Harufu ya chuma kilicholowa ikamjia puani.

"Sema humu," yule mama alinong'ona, akifungua chupa. "Jina tu."

Mwingine angetimua mbio. Mhariri aliinama, akalitaja jina la mdogo wake.

Alipokabidhiwa, chupa ikapata joto mkononi mwake.

Kesho yake mchana Kitinda alikuja chumbani kwa Mhariri na boksi la tishu bila kuitwa.

"Dada, acha nikusaidie. Mara ya kwanza kila mtu anavujisha."

Akapiga magoti, akatandaza tishu chini ya kila kiungio. Ndivyo inavyofanywa: kwanza umeme unapewa pampu peke yake, maji yazunguke. Tishu ikilowa, unajua panapovuja kabla hujaunguza kitu. Kitinda aliifanya kazi hiyo kwa upendo kana kwamba kompyuta ni yake, na wema huo ndio uliomkera Mhariri kuliko yote.

Mhariri akabonyeza swichi ya ukutani. Pampu ikakoroma, ikatulia. Maji yakakimbia kwenye mirija, safi kabisa.

Kitinda alizigusa tishu moja moja. Kavu... Kavu... Kavu...

"Hongera, Dada. Hakuna panapovuja." Akalamba midomo. "Naomba maji ya kunywa."

Akamaliza glasi. Akaomba nyingine. Kisha akashika jagi na kunywa humohumo, maji yakimchuruzika shingoni.

Mhariri alikuwa akitazama tangi. Alilijaza maji ya ile chupa mpaka kwenye alama ya katikati, ana hakika. Sasa maji yalikuwa yameipita.

Yalikuwa yanapanda.

"Dada..." Sauti ilikwaruza. Midomo ya Kitinda ilikuwa imepasuka. "Nina kiu."

Mhariri aliruka, akazima swichi. Pampu ikanyamaza. Kitinda akaanguka sakafuni, macho wazi, kifua hakitikisiki.

Mhariri akamtikisa. Hakuamka.

Akawasha tena. Safari hii pampu haikukoroma. Ilidunda. Na kila ilipodunda, kifua cha Kitinda kilipanda.

Alikimbia mpaka dukani akilia.

"Yarudishe!"

"Niyarudishe wapi? Yako kwako," alijibu yule mama bila hasira, akijifuta vidole visivyokauka. "Ulitaka umzidi. Usizime tu."

Daktari aliyeitwa nyumbani hakuona ugonjwa. Wakijaribu kumbeba Kitinda kumtoa chumbani, pumzi ilimkatika mlangoni, ikabidi wamrudishe. Basi godoro likawekwa pale, kando ya meza. Siri ya pampu Mhariri hakumwambia mtu. Alinunua betri kubwa ili umeme ukikatika pampu isisimame, na akawa halali akiisikiliza. Alimpenda mdogo wake. Alilia mpaka macho yakavimba.

Lakini kompyuta ile! Haikupata moto, haikukwama, na rangi zilitoka ambazo kamera haikuzipiga. Wateja walirudi wote. Jioni moja alimaliza harusi nzuri kuliko zote alizowahi kuhariri, akajisahau kama mtoto.

"Mama, njoo uone!"

Mama alikuwa ameketi godoroni na kijiko, akimdondoshea Kitinda maji mdomoni. Hakugeuka.

"Subiri, mwanangu. Mdogo wako anakunywa." Akazilaza nywele za Kitinda kwa kiganja. "Kunywa, kipenzi. Mama yuko hapa."

Kipenzi.

Mhariri hakukumbuka aliitwa hivyo lini. Kioo cha kompyuta kilimulika bibi harusi anayecheka, na hakuna aliyekitazama. Kumbe hata hivi! Hata akiwa mkavu, hana sauti, hawezi kuinua kidole, bado anatazamwa yeye.

Roho ikamuuma vilevile.

Ndani ya tangi maji yakapanda kidogo. Kitinda akafumbua macho, akautazama ukuta kando ya dada yake kwa woga.

"Mbona anaangalia huko?" Mama alinong'ona bila kugeuka. "Kuna nini ukutani?"

Mhariri akatazama. Ulikuwa mkono wake, kidole juu ya swichi. Hakujua ulifika pale saa ngapi.

Hakuuondoa.